Kelele za Tapeti katika Land Rover za Zamani

Land Rover ya zamani ya petroli, yenye injini ya silinda nne iliyoanza kutolewa mwaka 1958, ikiisha kwenda miaka mingi katika njia za Musoma, Bunda na Butiama, huanza kugonga juu ya injini kama cherehani. Mwenye gari humwambia fundi, "Kaza tapeti." Fundi hukaza, kelele hupungua, na baada ya siku chache hurudi. Twapenda kueleza sababu yake, maana ujinga wa jambo hili hula fedha nyingi.

Chini ya kifuniko cha injini imelala shafti iliyobeba mikono minane, iitwayo roka. Fimbo itokayo chini huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili huisukuma vali. Mafuta hupita ndani ya shafti na kutoka kwa vitundu vidogo. Yakiwa machafu vitundu huziba, na shafti hulika upande wa chini, kwani fimbo na springi ya vali zote huisukuma roka kwenda juu. Basi asidanganyike mtu kwa kuiona shafti yang'aa juu. Ichomolewe, ikwaruzwe kwa ukucha. Ukucha ukikwama, shafti hiyo imekwisha.

Tena ncha ya roka igusayo vali huchimbika. Bamba la kupimia hulala juu ya kishimo, fundi akaona nafasi ya inchi 0.010 iliyo halali, kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Akikaza kwa kufuata sikio mpaka kelele iishe, vali haifungi sawasawa injini ipatapo moto, nayo huungua. Hapo gharama si ya bushi tena.

Dawa yake ni shafti mpya na bushi mpya. Kitundu cha kila bushi kielekee kitundu cha mafuta cha roka yake, kisha bushi ichongwe kwa rima hata roka izunguke kwa kidole bila kuchezacheza. Roka iliyochimbika sana ibadilishwe.

Katika kupima, walimu watapenda hesabu hii: jumla iwe tisa. Vali ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 8. Ya 2 ikifunguka, pima ya 7, na kuendelea.

Mwisho injini iwashwe polepole kabla ya kufunika, ikaangaliwe kama kila roka yapata mafuta. Hata moja ikiwa kavu, izimwe mara moja.