Saa za Betri Katika Kompyuta Mpakato ya Zahanati
Muuzaji hutaja saa 10; karani wa zahanati, umeme ukikatika katikati ya kliniki ya wajawazito, hugundua kuwa ni 2 tu. Kipimo cha kutazamwa ni wati-saa, ambacho aghalabu huandikwa juu ya betri yenyewe. Betri ya wati-saa 50, kompyuta mpakato ikitumia wati 10, hudumu saa 5. Mwanga wa skrini ukiongezwa, muda hupungua. Kwa mashine iliyokwishatumika, ambayo ndiyo wengi humudu, namba hiyo haitoshi, kwani betri ya lithiamu huchakaa kwa umri na kwa joto. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport huonyesha uwezo wa awali na uliobaki. Ukiwa umeshuka chini ya nusu, gharama ya betri mpya iingizwe katika mapatano ya bei kabla fedha hazijatolewa.