Kubadili Simu Sasa au Kusubiri? Busara katika Matumizi ya Fedha ya Familia

Simu janja imekwisha kuwa chombo cha kila siku katika familia zetu. Kwayo tunapokea matangazo ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, tunasoma masomo ya Misa, tunatuma ada ya mtoto aliye shule ya bweni na tunamjulia hali mzazi aliyeko kijijini. Ndiyo maana simu inapoanza kuwa nzito, au inapoishiwa chaji kabla ya adhuhuri, swali huzuka nyumbani: je, tununue nyingine sasa, au tuvumilie kwanza? Swali hilo laweza kuonekana dogo, lakini katika nyumba nyingi fedha ya simu hutoka katika mfuko uleule unaolipa ada, matibabu na pembejeo za shamba.

Makala hii inakusudia kumsaidia msomaji kufanya mang'amuzi ya jambo hilo. Msingi wake ni mmoja: mtu aanze kwa kuuliza ni kazi gani ambayo simu aliyo nayo imeshindwa kuifanya. Mambo ambayo simu mpya inaahidi yaje baadaye, ikiwa jibu la swali la kwanza limeonesha kwamba kuna haja ya kweli.

Kipya kinyemi

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda, na makampuni ya simu yanaufahamu vema udhaifu huo wa moyo wa mwanadamu. Kwa kawaida Samsung hutoa simu zake za Galaxy S mwanzoni mwa mwaka, na Apple hutoa iPhone mpya mwezi Septemba. Kalenda hiyo hupangwa kwa ajili ya soko. Haina uhusiano wowote na uchakavu wa simu iliyo mfukoni mwako. Tofauti kati ya toleo la mwaka huu na la mwaka jana mara nyingi ni kamera bora kidogo na kasi iliyoongezeka kidogo. Anayetumia simu kwa mawasiliano, miamala ya fedha na picha za familia aweza asiitambue kabisa tofauti hiyo.

Hata hivyo, kalenda hiyo yaweza kumfaa mwenye subira. Toleo jipya linapoingia sokoni, bei ya lile lililotangulia kwa kawaida hushuka. Kwa hiyo mwenye haja ya kweli, lakini isiyo ya haraka, aweza kusubiri miezi michache na kununua simu ya mwaka uliopita kwa bei nafuu zaidi.

Kutambua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa

Malalamiko mengi juu ya simu ya zamani hutokana na mambo mawili: betri iliyochoka na hifadhi iliyojaa. Yote mawili yana tiba, wala hayahitaji simu mpya.

Betri za simu hupungua nguvu kila zinapochajiwa na kutumika, na joto kali huharakisha kuchoka kwake. Ni jambo la kimaumbile, kama soli ya kiatu inavyolika kwa kutembea. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka betri ya simu mpya ibakize walau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya kuchajiwa. Baada ya miaka kadhaa, basi, betri huwa imechoka ilhali sehemu nyingine za simu zingali nzima.

Historia ya karibuni inatupatia fundisho. Mnamo Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Baada ya manung'uniko ya wateja, ilishusha gharama ya kubadili betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018. Kisha, tarehe 2 Januari 2019, mkuu wa kampuni hiyo, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji kwamba mapato yangekuwa pungufu kuliko ilivyotarajiwa. Na miongoni mwa sababu alizozitaja ni wateja waliotumia nafasi ya kubadili betri kwa bei nafuu. Kwa maneno mengine, watu walioweka betri mpya hawakuona tena haja ya simu mpya, na jambo hilo lilitajwa na mwuzaji mwenyewe.

Hifadhi nayo hujaa taratibu. Picha na video za makundi ya WhatsApp hujirundika mwezi hata mwezi, na simu iliyokaribia kujaa huwa nzito. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa video, hamishia picha za thamani kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, futa programu usizozitumia, kisha uangalie mabadiliko kwa juma moja. Ikiwa shida ni chaji isiyoingia vizuri, yawezekana tundu la chaji limejaa vumbi. Fundi mwaminifu atalisafisha kwa fedha kidogo.

Tahadhari moja haina mjadala. Betri ikivimba hata kukiinua kioo au mfuniko wa nyuma, acha kuitumia na kuichaji mara moja, kwani yaweza kushika moto. Usiitoboe wala kuibonyeza, mpelekee fundi.

Pale ambapo kusubiri ni hasara

Subira ni njema, lakini si kila kuchelewa ni subira. Zipo hali ambamo kuendelea na simu ya zamani ni hatari.

Ya kwanza ni usalama. Kila mfumo wa simu huwa na kasoro ambazo wahalifu huzitafuta. Mtengenezaji huziba kasoro hizo kwa kutuma masasisho ya usalama. Akiacha kuyatuma, mianya inayogunduliwa baadaye hubaki wazi katika simu yako, hata kama kwa nje inang'aa. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Lakini simu nyingi za bei ya chini hupata miaka michache tu. Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoihusu simu yenyewe, usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka mmoja, nawe unaitumia simu hiyo kwa programu ya benki au kuhifadhi fedha za kikundi, una sababu halali ya kuanza kujiandaa kununua nyingine. Wakati ukijiandaa, ondoa programu ya benki katika simu hiyo, na miamala uifanye kwa menyu ya namba katika simu ya kawaida ya vitufe.

Ya pili ni riziki. Mwendesha bodaboda anayepokea wateja kwa simu, au mama anayeuza vitambaa kwa picha anazozituma mtandaoni, hupoteza kipato kila simu inapozimika. Kwake yeye, fedha anayoikosa kwa miezi mitatu yaweza kuzidi bei ya simu. Kununua kwa sababu hiyo ni kutunza chombo cha kazi, wala si anasa.

Ya tatu ni matengenezo yasiyo na tija. Gharama ya kutengeneza ikikaribia nusu ya bei ya simu nyingine inayofaa, na masasisho nayo yamekoma, ni afadhali kuacha kutengeneza.

Kuketi na kuhesabu gharama

Bwana wetu, katika mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara (Lk 14:28-30), anatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Njia rahisi ya kuhesabu ni kugawanya bei kwa miaka ya matumizi. Tuchukue mfano. Simu ya shilingi 900,000 itakayodumu miaka mitano inagharimu shilingi 180,000 kwa mwaka. Simu ya shilingi 400,000 itakayodumu miaka miwili inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Na betri ya shilingi 60,000 itakayoipa simu ya zamani miaka miwili zaidi inagharimu shilingi 30,000 tu kwa mwaka.

Siku hizi simu nyingi huuzwa kwa mkopo wa malipo ya kila siku. Utaratibu huo umewafikishia simu janja watu wasioweza kulipa kwa mkupuo, lakini udogo wa malipo huficha ukubwa wa deni. Tuseme simu ambayo bei yake ya taslimu ni shilingi 650,000 inatolewa kwa kianzio cha shilingi 100,000 na malipo ya shilingi 2,500 kila siku kwa siku 365. Malipo ya kila siku peke yake yatafikia shilingi 912,500, na jumla yote itakuwa shilingi 1,012,500. Mnunuzi atakuwa amelipa shilingi 362,500 zaidi ya bei ya taslimu. Katika mikopo mingi ya aina hii, akikosa kulipa, simu hujifunga hata siku ile anapougua na kuihitaji kuliko siku zote.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu huyohuyo, akiwa na zile shilingi 100,000 za kianzio na akiweka shilingi 2,500 kila siku katika kikundi cha akiba, atafikisha shilingi 650,000 kwa siku 220, yaani miezi saba na siku chache. Kusubiri miezi hiyo kunaiachia familia yake shilingi 362,500. Kabla ya kutia saini, basi, uliza mambo matatu: bei ya taslimu ni kiasi gani, jumla ya malipo yote ni kiasi gani, na nini hutokea nikikosa kulipa?

Nyuma ya kioo cha simu

Uamuzi huu hauishii katika mfuko wetu. Betri nyingi za simu zimetengenezwa kwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hasa katika maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako ndugu zetu huzungumza Kiswahili kama sisi. Wapo wachimbaji wadogo, na hata watoto, wanaoitafuta kwa mikono katika mashimo ya hatari. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023, alikemea waziwazi uporaji wa mali ya nchi hiyo. Kabla ya hapo, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikwisha kuuonya ulimwengu juu ya utamaduni wa kutupa.

Utamaduni huo unapimika. Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Aidha, sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa unaotokana na simu hutokea wakati wa kuitengeneza, kabla haijawashwa. Kila mwaka tunaouongeza katika maisha ya simu nzima ni mchango wetu katika kuyatunza mazingira, nyumba yetu ya pamoja.

Ukiamua kununua

Baada ya mang'amuzi, ukiona haja ipo, nunua kwa amani ya moyo, lakini kwa uangalifu. Uliza simu hiyo itapata masasisho hadi mwaka gani. Bonyeza *#06# upate namba yake ya utambulisho. Kwa Tanzania, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kuhakiki uhalali wake. Itakumbukwa kwamba mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, na walionunua bila kuhakiki walipata hasara. Dai risiti. Ikiwa simu imetumika, hakikisha mwenye nayo wa awali ameondoa akaunti zake mbele yako, vinginevyo yaweza kujifunga mikononi mwako.

Simu ya zamani nayo isisahauliwe. Hifadhi picha zako, ondoa akaunti, futa kila kitu. Ikiwa ingali inapata masasisho, mpe mwanafunzi au mzee anayeihitaji. Ikiwa imekufa, mpelekee fundi anayekusanya vipuri. Usiitupe katika shimo la taka wala kuichoma, kwani betri yake yaweza kulipuka na kemikali zake huchafua udongo na maji.

Mwisho, wanandoa waamue jambo hili pamoja, kabla ya kwenda dukani. Wajiulize: ni kazi gani imeshindikana kwa simu tuliyo nayo? Je, fundi ameikagua? Masasisho yake yamefika tarehe gani? Fedha hii ilikuwa imepangiwa nini? Ikiwa ilikuwa ada ya muhula ujao, na simu ya zamani ingali inapokea simu ya mwalimu, basi familia hiyo inayo sababu ya kutosha ya kubadili betri na kusubiri.