Bunduki za elektroni: nguvu ndogo, bei kubwa

Kila televisheni ya kichogo iliyowahi kukaa sebuleni ilikuwa na bunduki ya elektroni shingoni mwa kioo chake, ikirusha elektroni kwa maelfu ya volti, mara nyingi 20,000 na ushei. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Soko hilo limezikwa na kichogo chake, na biashara ya bunduki za maabara inayoendelea hadi leo ina hesabu nyingine: mteja huomba volti chache, pengine 5, pengine 500, na hulipia udogo huo.

Anachotafuta ni uso wa kitu anachochunguza. Elektroni yenye elektronivolti 100, yaani iliyosukumwa kwa volti 100, haivuki zaidi ya tabaka chache za atomu, hivyo inayorudi huleta habari za juujuu tu, nazo ndizo zinazotakiwa. Mwaka 1927, katika maabara za Bell jijini New York, Davisson na Germer walielekeza elektroni za volti 54 kwenye fuwele ya nikeli wakaona zinatawanyika kama mawimbi. Leo mbinu hiyo hukagua kama uso wa fuwele ni safi.

Tabu ni kwamba elektroni ya polepole haina msimamo. Kwa elektronivolti 10, sumaku ya dunia peke yake huipinda kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20 hivi. Kwa hiyo mtengenezaji huivika njia yake ngao ya aloi ya nikeli, na skrubu ya chuma cha kawaida hairuhusiwi kusogea karibu. Kisha kuna ombwe: hewa ikibaki hata sehemu moja kwa bilioni ya ile tunayovuta, uso safi huchafuka kwa sekunde chache. Kila kipande lazima kistahimili kuokwa kwa nyuzi 150 na zaidi. Grisi marufuku.

Ndiyo maana wauzaji ni wachache: Kimball Physics ya Wilton, New Hampshire, STAIB na SPECS za Ujerumani, na wengine wa kuhesabika. Wanunuzi ni vyuo vikuu, maabara za semikonda na wanaopima jinsi vifaa vya satelaiti vinavyojikusanyia chaji. Hutengenezwa kwa oda, na mkubwa wa viwanda hana sababu ya kuvamia soko dogo namna hii.

Kinachoisha ni kathodi, sehemu inayotoa elektroni. Waya wa tungsteni huwashwa kupita nyuzi 2,000, mwisho hukatika. Lanthani heksaboridi hufanya kazi kwa joto pungufu lakini haipendi ombwe lenye mabaki ya hewa. Iridiamu iliyopakwa oksidi ya itriamu huvumilia zaidi. Wapo wanaotumia diski ya tantalamu, na hapo mnyororo wa ugavi unafika kwetu: Kongo na Rwanda ni vinara wa madini hayo, na machimbo ya Rubaya, Kivu Kaskazini, yalitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2024. China nayo ilibana mauzo ya nje ya tungsteni Februari 2025, na ya itriamu Aprili. Bunduki moja hutumia chembe tu ya madini hayo, ila fundi mdogo hana ghala la kungojea siasa zitulie.

Kwa chuo chenye bajeti finyu, swali la kwanza kwa muuzaji liwe bei ya kathodi ya akiba, na kama inabadilishwa palepale maabarani au bunduki nzima hurudishwa kiwandani.