Kesi ya zabuni isikukatizie dawa

MSOMAJI, umewahi kufika kwenye dirisha la dawa katika hospitali ya umma ukaambiwa, "Dawa hiyo imekwisha, nenda ukanunue nje"? Pengine hukuelezwa sababu. Mara nyingine bohari huwa tupu kwa kuwa pesa zimechelewa. Mara nyingine ni kwa sababu kampuni mbili zinavutana kuhusu nani alistahili kupewa zabuni ya kuleta dawa hiyo.

Wengi huona mvutano kama huo ni shughuli ya wafanyabiashara na mawakili. Mimi nikiwa daktari nauona kuwa jambo la afya. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na katika vita hivi nyasi ni mgonjwa.

Malalamiko yana faida

Usidhani kwamba kila anayelalamika ni mkorofi. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na bei inayofaa. Kampuni ikiachwa nje kwa hila, ina haki ya kuuliza.

Tena kuuliza huko kunakulinda wewe. Maafisa wanapojua kwamba uamuzi wao unaweza kukaguliwa, ni vigumu kwao kuinunulia hospitali glovu zinazopasuka au dawa za bei ya kuruka.

Hata hivyo, bei ya chini si kila kitu. Anayetaka kuuza dawa ambayo haijasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu hastahili kushinda, hata kama bei yake ni ya kutupa.

Hesabu ya siku

Bodi ya kwanza ya kusikiza malalamiko ya zabuni iliundwa chini ya kanuni za 2001. Siku hizi inayotumika ni sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, na bodi yenyewe wengi huijua kwa herufi PPARB.

Utaratibu wake ni huu. Mshindi na walioshindwa hujulishwa matokeo, na walioshindwa huelezwa sababu. Mkataba haufai kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita. Ndani ya siku hizo 14 aliyeshindwa anaweza kuwasilisha malalamiko yake. Akifanya hivyo, shughuli ya ununuzi husimama.

Bodi inapaswa kutoa uamuzi katika siku 21. Inaweza kufuta uamuzi wa mnunuzi, kumwagiza afanye tathmini upya, au kuamuru zabuni ianze mwanzo. Ikiona kwamba mlalamishi alitaka kuchelewesha kazi tu, yaweza kutupilia mbali malalamiko yake na kumtoza gharama.

Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45 za kuamua. Kutoka hapo kuna siku 7 za kwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo pia ina siku 45.

Sasa jumlisha, msomaji. Mambo yakiishia kwenye bodi, ni siku 35. Kila hatua ikitumia siku zake zote hadi Mahakama ya Rufaa, ni siku 146, karibu miezi mitano. Na hapo huenda ikaamuliwa kwamba zabuni irudiwe.

Mwaka 2021, katika kesi ya Aprim Consultants na Tume ya Huduma za Bunge, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba siku hizi ni lazima zifuatwe. Huo ulikuwa msimamo mzuri. Kesi isiyo na mwisho ni sawa na kidonda kisichofungwa.

Ugonjwa haungoji

Miezi mitano ni muda mfupi kwa mwenye kujenga barabara. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini, hata siku mbili bila dawa zinaweza kumfikisha katika hali mahututi. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla anaweza kushikwa na kifafa kisichoachilia. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya Ukimwi zikikatizwa, viini huweza kuwa sugu. Mwenye shinikizo la damu anaweza kupata kiharusi akiwa hahisi dalili yoyote.

Mwaka 2023 zabuni ya KEMSA ya kununua zaidi ya vyandarua milioni 10 vyenye dawa, kwa fedha za Global Fund, ilivunjika baada ya maswali kuzuka kuhusu jinsi ilivyoendeshwa. Ununuzi huo ukaondolewa mikononi mwa KEMSA. Lakini mbu wa malaria hangoji barua ya zabuni.

Tiba ipo

Dawa ya tatizo hili si kuwanyima watu haki ya kulalamika. Kwanza, hospitali na kaunti zianze kutafuta wauzaji mapema, miezi kadhaa kabla ya akiba kwisha, zikihesabu na siku za malalamiko.

Pili, sheria inaruhusu mikataba ya hadi miaka 3 ambapo dawa huagizwa kidogo kidogo kadiri zinavyohitajika. Hospitali yenye mkataba kama huo haiingii katika mashindano mapya kila rafu inapokaribia kuwa tupu.

Tatu, sheria inaruhusu kununua moja kwa moja kunapokuwa na dharura. Lakini dharura hiyo isiwe iliyoweza kuonekana mapema au iliyoletwa na uzembe. Afisa aliyelala mpaka dawa zikaisha hana ruhusa ya kujificha nyuma ya dharura.

Wewe ufanye nini?

Kama unatumia dawa za kila siku, usingoje kidonge cha mwisho. Nenda ukachukue nyingine angalau wiki moja kabla.

Ukiambiwa dawa haipo, usiondoke kimya. Uliza itapatikana lini, ni kituo gani cha karibu kinayo, na kama kuna dawa nyingine inayoweza kushika nafasi yake. Daktari ndiye wa kuibadilisha, usiibadilishe mwenyewe.

Usipunguze dozi ili dawa ikae muda mrefu. Usigawane na jirani wala usinunue barabarani.

Mtumiaji wa insulini akianza kutapika, kupumua kwa kasi au kulegea, mpelekeni hospitalini saa hiyo hiyo.

Mwisho, bajeti ya kaunti yako inapojadiliwa, hudhuria na uulize: zabuni ya dawa ilitangazwa lini, na akiba iliyopo itatosha miezi mingapi? Akiba ya mwezi mmoja haiwezi kustahimili kesi ya miezi mitano. Waulize wahusika mapema, kabla hujaambiwa dirishani kwamba dawa imekwisha.