Chapati za Krismasi Zisiagizwe Hotelini

Kila Desemba inapotimia hapakosi mtu wa kutukumbusha kwamba Krismasi imegeuka kuwa sikukuu ya tumbo. Lawama hiyo naielewa, ila siikubali yote. Kwa sisi tuliolelewa Voi katika miaka ya 1980, chapati ndiyo iliyotutambulisha sikukuu. Siku nyingine tulikula sima kwa mchicha na hatukulalamika.

Tarehe 24 Mama alikuwa akichekecha unga, akautia chumvi na maji ya vuguvugu, akaukanda hadi ukalainika. Hakuwa na kipimo. Ukimuuliza maji kiasi gani, alijibu kwamba unga wenyewe utakwambia. Kisha alikata madonge, akasukuma, akapaka mafuta ya kopo, akaviringa, akasukuma tena, ndipo akatia kwenye tawa. Watoto tulipepea makaa na kuhesabu. Zilifika arubaini, ilhali sisi tulikuwa wanane tu; zilizozidi zilikuwa za majirani, wengi wao Waislamu. Ilipofika Idi, sahani zao zilikuja kwetu zimejaa mahamri yenye harufu ya iliki na tui, nasi tulijua kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Mwanaisimu hawezi kuvitazama vyakula hivyo bila kuona safari ya watu. Chapati na tawa ni maneno yaliyotoka Bara Hindi, na miongoni mwa waliotoka huko ni vibarua walioijenga reli iliyopita Voi, kazi iliyofanywa kati ya 1896 na 1901. Pilau asili yake ni Kiajemi. Hamira tumeipata kwa Waarabu. Andazi nalo ni letu, limetokana na kitenzi kuandaa. (Siku hizi kila mtu husema “mandazi moja,” na wanafunzi wangu huniona mkaidi ninapowasahihisha.)

Mama alitutoka mwaka juzi. Mwaka huu baadhi ya ndugu zangu wamependekeza chapati ziagizwe hotelini. Wanasema kila mmoja atafika jioni ya mkesha akiwa hoi, na kwamba dada zetu wamechoka kukesha motoni huku wanaume wakizungumza siasa uani. Hoja hii ya pili ina uzito, na anayeitetea mila bila kuijibu anatetea usingizi wake mwenyewe.

Hata hivyo, dawa ya dhuluma hiyo si kuagiza, bali wanaume kukunja mikono ya shati na kukanda. Juzi nilimuuliza mpwa wangu wa miaka 12 maana ya kusukuma, akanijibu kwamba ni kile wafanyacho watu matatu ikikwama matopeni. Donge alilijua la damu tu. Si kosa lake. Maneno ya jikoni hayafundishwi darasani, hujifunzwa kwa kusimama karibu na anayepika. Chapati ikija imefungwa katika karatasi, mtoto ataipata chapati na kuyakosa yote yaliyoitangulia.

Dada yangu mkubwa amekubali kwa sharti moja: yeye ataketi kitini na kuelekeza, nasi wanaume tufike na unga, kibao na kifimbo cha kusukumia kabla ya saa nane mchana. Nimeomba sita ziwekwe kando. Jirani yetu mmoja wa zamani angali hai, na sahani yake ya maua, iliyoletwa Idi ya mwisho ya uhai wa Mama, bado iko kabatini kwetu.