Parabola mbili, dekoda moja: namna ya kuchagua tele ya satelite kama unaishi mu kampi na ku nyumba

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kubaki na watoto ku nyumba,

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka, inje ya mulango wa mugodi kunakuwa meza na mwamvuli. Ku meza kuna dekoda mupya ndani ya karto yake, na kijana mwenye sauti: "Mukubwa, leo ni promosio! Parabola bure, mwezi wa kwanza bure!" Mutu ametoka posti ya usiku, macho mazito, anatosha makuta, anasaini. Kisha siku 30 shene zinafungwa, na ndani ya nyumba kunaanza maneno.

Ku biro ya sendika tunapokea maneno ya kontra, ya ajali, ya saa za ziada. Watu wanaweza kushangaa kuona tunaandika juu ya tele. Lakini makuta ya tele inatoka mu mushahara ule ule tunaoupigania. Baba anabeba dekoda mu kampi, watoto wanabaki kuangalia ukuta. Ao dekoda inabaki Likasi, baba analipa kila mwezi kitu chenye anaangalia siku tano tu. Ao analipa mbili mbili, na makuta ya masomo inapunguka. Mutu mwenye kulala pahali pawili hachague tele sawa vile mutu mwenye kulala pahali pamoja. Njo maana tunaandika.

Satelite iko wapi

Tuanze na kitu chenye wauzishaji hawaelezee. Satelite za tele zinakaa juu kabisa ya mustari wa ekweta, kilometre 35,786 toka ku udongo. Zinazunguka pamoja na dunia, mwendo moja, kwa hiyo machoni petu ni kama zimesimama. Parabola inapashwa kuangalia pale pale, haina kucheza.

Katanga iko kusini ya ekweta. Ndiyo sababu parabola zetu zote zinaangalia upande wa kaskazini. Lakini kila kampuni iko na kona yake mbinguni. Canal+ iko ku digri 16 mashariki, StarTimes ku digri 5 mashariki, DStv ku digri 36 mashariki. Kolwezi yenyewe iko karibu ku digri 25 na nusu. Kwa hiyo, ukisimama Kolwezi, satelite ya Canal+ iko katikati ya kaskazini na magaribi, juu sana, karibu digri 73 (90 ni juu ya kichwa chako kabisa). Ya DStv iko karibu urefu ule ule, lakini katikati ya kaskazini na mashariki. Ya StarTimes inaegemea zaidi magaribi, na iko chini kidogo, karibu digri 63.

Hapa kuna mafundisho mbili. Ya kwanza: parabola ya kampuni moja haiwezi kuangalia ya ingine bila kugeuzwa. Hata kama Canal+ ilichukua kampuni yenye DStv mu mwezi wa 9 wa 2025, usinunue dekoda ya moja ukizani utalipia abonema ya ingine. Ya pili ni habari njema: sababu satelite ziko juu sana kwetu, muti wa mwembe wa jirani ao ukuta wa lupango hauzuie, kama hauko karibu karibu na parabola. Fundi akikuambia inapashwa mulingoti murefu wa kulipia pembeni, muulize ni kitu gani kinazuia, akuonyeshe kwa kidole.

Hesabu usiku mbele ya kuhesabu shene

Watu wengi wanauliza: "Iko na shene ngapi?" Hili ni swali la nyuma. Swali la mbele ni hili: mu mwezi moja, ninalala usiku ngapi mu kampi, na usiku ngapi ku nyumba? Na nikiwa mu kampi, nani anaangalia tele ku nyumba? Andika ku karatasi, pamoja na bibi yako. Jibu litakuweka mu kundi moja ya haya.

Kundi la kwanza: familia iko ku nyumba, na kampi yako iko na sale yenye tele ya wote. Acha dekoda ku nyumba. Usinunue kitu cha kampi. Kama sale haina tele, ao tele imekufa, ongea na delege wako. Parabola moja kwa kampi nzima ni bei ndogo sana kuliko kila mutu kubeba yake, na ni jambo lenye delegasio inaweza kuweka ku meza pamoja na maji na chakula.

Kundi la pili: uko peke yako, ao familia inakufuata. Kwako kuna dawa nzuri: parabola mbili, dekoda moja. Abonema inafuata namba ya dekoda na kadi yake, haifuate nyumba. Parabola, kichwa chake na waya njo vitu vya bei ndogo. Weka parabola moja mu kampi, ingine ku nyumba, zote zimefungwa na zimeregleshwa mara moja. Wewe unabeba dekoda na telekomandi ndani ya sakoshi. Mutu mwenye kufungua parabola kila repo na kuifunga tena analipa fundi kila safari. Tena parabola ikigongwa njiani na kupindika, hata kidogo, haitashika muzuri tena. Lakini uhakikishe mbele: parabola zote mbili zinapashwa kuangalia satelite ya kampuni moja.

Kundi la tatu: watu wanataka kuangalia saa moja, huku na kule. Hapo hakuna ujanja, ni dekoda mbili na abonema mbili. Basi chagua buke ya chini pande zote mbili. Buke kubwa mbili ni mushahara wa mutu wa kampuni ingine.

Kuna pia wandugu zetu wa kamio, wenye kulala siku nyingi mu kabine ku barabara ya Kasumbalesa. Kule Marekani watu wanasafiri na motokari zenye vitanda na jiko ndani, na ku paa kuna antena yenye mota inayojitafutia satelite. Ni bei kali. Kwa sisi, parabola ndogo ku miguu tatu inatosha, na mufuko wa muchanga chini ili upepo usiangushe. Unaiangalia ukiwa umesimama tu. Na kila ukisimama pahali pengine, unaanza reglaje tena, sababu kamio haisimame mara mbili sawasawa. Jifunze kusoma namba za sinyale ku dekoda, na utembee na busole ndogo. Bila ile, utapita usiku unazungusha parabola na asubui unashika gidoni bila kulala.

Abonema inakula siku, hata dekoda ikilala

Abonema ya siku 30 inaanza kuhesabu siku unalipa. Dekoda ikae mu sakoshi, umeme ukatike, hata ukienda kuzika mutu Kamina, siku zinapita. Tufanye mufano. Unalipa dola 20, na mu zile siku 30 unaangalia siku 10. Kila siku imekulia dola 2. Ukilipa buke ya dola 10 na kuangalia siku zile zile 10, kila siku ni dola 1. Kwa hiyo, lipa siku unafika, usilipe siku mushahara unatoka. Na uliza kama kampuni inauzisha abonema ya siku ao ya juma moja. Kwa mutu wa repo fupi, ile njo yenye faida.

Kisha njo uangalie shene. Andika zile tano zenye nyumba yako inaangalia kweli. Kama ni mpira, uliza nani mwaka huu ana haki ya kuonyesha ligi ile, sababu haki zinabadilika toka kampuni kwenda ingine. Usiamini karatasi ya mwaka uliopita. Kama ni katuni za watoto, uliza ziko mu lugha gani: kampuni ingine iko na nyingi za Kingereza, na mutoto wako anasoma Kifaransa. Na shene za muji, zenye kuleta habari zetu mu Kiswahili, mara nyingi zinaingia na antena ya kawaida, bila abonema. Usilipie satelite kitu chenye waya wa kawaida unaleta.

Umeme na mvula

Mbele ya kununua, geuza dekoda na tele, soma watt ku karatasi ya nyuma. Tele ndogo ya watt 30 na dekoda ya watt 15 ni watt 45. Saa 4 kwa usiku ni 180. Batri ya volti 12 na amperi 100 inabeba 1,200, lakini batri ya asidi usiishushe kupita nusu, inakufa mbio. Inabaki 600: ni usiku tatu. Na tele kubwa ya watt 100, batri ile ile inakupa usiku moja tu. Kwa hiyo mutu wa pano ya jua aanze na tele ndogo. Wenye kuwaza Starlink, yenye ilipata ruhusa ya kufanya kazi Kongo mu mwezi wa 5 wa 2025, wajue ile ni intaneti, si buke ya tele, na mutambo wake peke yake unaweza kula watt 50 mpaka 100 saa yote.

Toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, mvula kubwa ikinyesha, picha inakatika. Haiko fundi wa kuita. Maji mengi mu mawingu yanakula sinyale, kisha robo saa ao nusu saa inarudi. Kama hairudi na jua limetoka, hapo angalia waya na kichwa cha parabola. Na radi ikianza, tosha waya wa parabola ku dekoda, na tosha prize.

Neno moja la usalama. Ku mugodi tunajifunga kamba na kuvaa kaske tukipanda juu. Siku ya mungu, ku nyumba, mutu ule ule anapanda ku bati na malapa, mukono moja na parabola, mwingine na simu: "Batoto, iko inaonekana?" Weka parabola chini, ku ukuta ao ku mulingoti mufupi. Tumekwisha kuona kwamba satelite iko juu: haiulize urefu wa paa. Na uwe mbali na waya za umeme.

Mbele ya kusaini

Muulize muuzishaji maneno haya, na asijibu kwa kicheko:

– Leo ninalipa ngapi kwa jumla: dekoda, parabola, waya, fundi na abonema?
– Mwezi wa pili ninalipa ngapi, kwa buke ile ile?
– Dekoda imeandikishwa kwa jina la nani? Inapashwa kuwa jina lako, na resu mukononi.
– Imeandikishwa mu inchi gani? Dekoda ya Zambia inaonekana bei ndogo Kasumbalesa, lakini abonema yake inalipiwa Zambia, na siku ya matata hakuna biro ya huku itakusikia.
– Ikiharibika, garanti ni miezi ngapi, na ninaileta wapi?

Na kama wanakuambia "tutakata ku mushahara, usiwaze", njo wakati wa kuwaza. Usisaini karatasi ya kukata mushahara bila kusoma miezi ngapi, bei gani, na namna ya kusimamisha. Ileteni kwa delege, aisome pamoja na wewe. Kontra ikimalizika mbele ya deni, ile deni itakufuata.

Tunamaliza na neno la wandugu wa chumba kimoja. Tele mu chumba cha kampi inapashwa kuwa na saa ya kuzima. Mwenzako wa posti ya usiku amelala muchana, wewe unapiga makelele ya goli. Kesho yeye njo anaendesha beni yenye unapita mbele yake. Mutu mwenye usingizi ku volani haangalie kampuni gani ilionyesha mpira. Wekeni sheria ya chumba, muiandike, muibandike ku mulango. Haiombe makuta, na inalinda maisha.