"Tujipende" au "Tupendane"? Maelezo Mafupi juu ya Viwakilishi vya Kujirejea katika Kiingereza

Katika makala hii twakusudia kueleza kosa dogo la sarufi ambalo, likiingia katika mahubiri, hupotosha fundisho. Mhubiri anayetaka kusema kwa Kiingereza "na tupendane" huenda akasema "Let us love ourselves". Maana yake ni "na tujipende", jambo ambalo wenye dhambi hatuhitaji kuamriwa.

Kiswahili hutofautisha mambo matatu: kujitendea (-ji-), kutendana (-ana) na kukazia (-enyewe). Kiingereza hutumia "themselves" kwa la kwanza na la tatu. La pili hutaka "one another".

Tutoe mfano katika njia ya zamani ya misafara. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hadi Unyanyembe, Tabora. Hapo Cameron aliwashauri wauzike. Wakakataa, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Twaweza kusema:

(a) "They carried the body themselves": waliuchukua wao wenyewe. Tukiliondoa neno la mwisho, sentensi yasimama. Lilikuwa la kukazia tu.

(b) "They exposed themselves to danger": walijitia hatarini. Hapa neno haliondoki, kwa kuwa watendaji ndio watendwa.

(c) "They helped one another": walisaidiana. Tukiandika "They helped themselves", msomaji aweza kuelewa kwamba walijichukulia mali ya msafara! Hivyo watumishi waaminifu wangesingiziwa wizi kwa neno moja.

Hata hivyo, -ji- haitafsiriwi kila mara. "Kujifunza" ni "learn" tu, bila nyongeza. Kwa upande mwingine, Petro aliota moto uani mwa Kuhani Mkuu. Kiswahili hakihitaji -ji-, bali Kiingereza husema "warmed himself". Basi tusihesabu viambishi, bali tuulize: ni nani atendaye, na ni nani atendewaye?

Swali hilo ni la kitheolojia pia. Tukisema Kristo alijitoa, "He gave himself", mtoaji na sadaka ni mmoja. Lakini mwenye dhambi hajihesabii haki. Yeye huhesabiwa haki na Mungu, kwa neema, kwa njia ya imani. Anayeandika "himself" mahali pa "by God" hakukosea sarufi, amekosea Injili.